Barua kwa rafiki aliyepangiwa darasa la kwanza

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na watoto wanakusalimu. Kumbe mwalimu wa taaluma amekutoa darasa la sita na kukupa la kwanza, tena mkondo wenye watoto zaidi ya 80! Hongera, na pole kidogo. Umeniuliza uanzie wapi. Leo nakuandikia habari ya kusoma tu. Kuhesabu tutaongea siku nyingine.

Kwanza jihadhari na ule wimbo wa "ba be bi bo bu". Darasa zima likiuimba utadhani kazi imekwisha. Hebu funika mstari wote, acha "bo" peke yake, umwite yule aliyeimba kwa sauti kuliko wenzake. Mara nyingi utamsikia akinong'ona "ba, be, bi, bo" mpaka aifikie. Huyo hasomi, anahesabu nafasi. Chati ya silabi itumie, ila iandike imevurugwa: bu, ma, si, be, ka. Kesho igeuze tena, wasije wakaikariri na hiyo.

Kiswahili kimetupa urahisi ambao walimu wa Kiingereza hawana: irabu ni tano na kila moja ina sauti ileile popote ilipo. Kazi iko kwenye konsonanti, na hapo sisi walimu ndio tunaoharibu. Tunaitamka m kama "ma" au "em", k kama "ka" au "ke", halafu tunamwambia mtoto aunganishe na a. Ataunganisha alichosikia: "ka-a". Tamka sauti yenyewe, bila irabu mkiani.

Usifuate mpangilio wa alfabeti. Anza na a, i, u, halafu m, s, n. Hizo konsonanti tatu zinavutika: unaweza kusema mmmmaaa bila kukata pumzi, na mtoto akasikia sauti mbili zikiingiana. Baadaye leta k, ambayo haivutiki. Kwa hiyo ubaoni andika irabu kwanza. Mtoto aseme "a" na mdomo ubaki vilevile, kisha wewe uandike k mbele yake, aisukume mara moja: ka. Wanaokwama kwenye k, t, p na b karibu wote wanafunguka kwa njia hiyo.

Kwa herufi hizo saba tu tayari una mama, kisu, kuku, kumi, kuni, nanasi, sanamu, samaki. Una hata sentensi: "Mama ana kuni." Mara mojamoja andika ya kipuuzi, kama "Kuku anauma samaki." Anayesoma atacheka. Anayebahatisha kwa kutazama herufi ya kwanza au picha atakupa sentensi nyingine yenye maana nzuri kabisa. Maneno yasiyo na maana yanasaidia vilevile: numa, sika, musu. Akikusomea "musu" kama "kisu", umeshajua tatizo liko wapi.

Herufi b na d usizifundishe wiki moja, wala zinazofuatana. Maliza b, pitisha herufi nyingine nne au tano, ndipo ulete d. Na zitofautishe kwa mkono: b inaanza na mstari wa wima ndipo tumbo, d inaanza na tumbo ndipo mstari. Mtoto anayezinakili bila kufuata mwendo huo atazichanganya mpaka darasa la tatu.

Kipindi cha dakika 30 mimi ningekigawa hivi. Dakika tano za mwanzo ni za sikio tu, hakuna herufi ubaoni: "Nanasi linaanza na sauti gani? Taja neno jingine linaloanza hivyo. Nikisema s-i-s-i, nimesema nini?" Usiziruke kwa sababu hazionekani kwenye daftari. Dakika tano nyingine ni za herufi mpya. Kumi za kuunganisha, na hapo wafanye wao, wawili wawili, wewe ukizunguka. Zilizobaki ni za kusoma mistari miwili mitatu na kuandika.

Zana zisikutishe. Karatasi moja ya manila ikikunjwa katikati mara tatu inatoa kadi 8 kubwa zinazosomeka mpaka dawati la nyuma. Ikikunjwa mara tano inatoa kadi 32 za vikundi. Kwa herufi, kusanya vizibo vya soda na ubandike karatasi ndani. Kila kikundi kipe a nne, irabu nyingine tatu tatu, konsonanti mbili mbili, la sivyo "nanasi" haliandikiki. Na chora kistari chini ya kila herufi! Kizibo ni duara: kikigeuka, n inakuwa u na b inakuwa q, na mtoto hana kosa.

Sasa kwenye ugumu wenyewe, ambao wengi wanaupita haraka. Ni herufi zinazosimama pamoja. Sh, ch na ny hazina shida sana, mradi uzifundishe kama sauti moja yenye herufi mbili. Shida ni m na n. Tamka "mbuzi" ukipiga makofi: mbu-zi, makofi mawili. Tamka "mbunge": m-bu-nge, makofi matatu. Ubaoni yanaanza sawasawa, lakini katika mbunge m ni silabi nzima, kama ilivyo katika mtu, mti, mtoto na mke. Mtoto asiyeelekezwa atasoma "mutu", na kwenye imla ataandika "mutu" pia. Upande wa pili ataandika "buzi" na "dizi", kwa sababu m ya mbuzi na n ya ndizi ni nyepesi mno sikioni. Kwa hiyo yatenge: wiki hii ya mtu na mti, wiki nyingine ya mbuzi, mbegu na mboga, ndipo uyachanganye. Makofi yafanye kila siku. Vivyo hivyo ngoma na ng'ombe: kile kialama cha juu ni sehemu ya herufi, akikiacha hesabu ni kosa.

Kuhusu matamshi ya nyumbani, usiwe mkali. Mtoto akiona "rafiki" akasema "lafiki", au "dhahabu" akasema "zahabu", ameshasoma. Ulimi wake ndio uliofuata lugha ya kwao. Mrekebishe kwenye mazungumzo, wakati mwingine. Ukimkatiza kila neno ataacha kusoma kwa sauti, halafu hutajua tena anachokosea.

Wakishamudu silabi utakutana na ukuta mwingine: urefu wa maneno yetu. "Wanakimbia" ni silabi tano. Mtoto anazisoma moja moja, na akifika "a" ameshasahau "wa". Dawa ni kumzoesha kuona vipande vikubwa. Andika "soma", chini yake "anasoma", chini yake "wanasoma", chini yake "wanasomewa". Mfundishe ana-, wana-, nime- na hawa- avitambue kwa jicho moja bila kuvichambua. Afunike mwanzo kwa kidole, asome mzizi, kisha afunue. Ndiyo maana pia usimlinganishe kwa kasi na mtoto anayesoma Kiingereza. Jirani zetu Kenya walipoweka viwango vya ufasaha kwa madarasa ya mwanzo, waliweka maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili.

Kumpima huhitaji mtihani. Mpe kifungu ambacho hajakiona, tazama saa dakika moja, hesabu maneno aliyosoma sawasawa. Kisha muulize maswali mawili: moja jibu lake limo kwenye kifungu, jingine alitafute mwenyewe. Kwa darasa kama lako wapime watoto wanne kwa siku wenzao wakiandika. Mwezi mmoja wa masomo ukiisha umewamaliza wote.

Ijumaa wape imla: maneno matano na sentensi moja, basi. Usisahihishe kwa kuweka alama tu, soma makosa. Anayeandika "skuma" badala ya "sukuma" anaruka irabu, mrudishe kwenye makofi. Anayeandika "buzi" hajaisikia m. Anayeandika neno tofauti kabisa hajui sauti za herufi, na huyo kumpa kazi ya wenzake ni kumpotezea muda. Mweke kwenye kikundi cha vizibo, hata kama wengine wamefika kwenye dh na gh.

Kabla hujaandika azimio la kazi, wapime kwanza herufi wanazozijua sasa, mmoja mmoja, kwa kadi zilizochanganywa, kisha nitumie orodha. Wapo watakaokuwa wametoka awali wakizijua zote, na wapo ambao hawajawahi kushika penseli. Nikiiona orodha nitakuambia ningewagawa vipi.

Msalimie shemeji.

Wako,
rafiki yako wa chuo