Safari ya siku 10 iliyogeuka 17

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kama mwenye pesa zake anaweza kwenda kituo cha anga akafanya atakalo. Kiti anapata. Kinachomshinda ni muda.

Chukua safari ya Ax-1 ya kampuni binafsi ya Axiom Space. Abiria walikuwa wanne: Michael López-Alegría, mwanaanga wa zamani wa NASA, na wateja watatu ambao kiti chao kiliripotiwa kuwa dola milioni 55. Waliruka kutoka Florida tarehe 8 Aprili 2022 ndani ya chombo cha Dragon.

Kuruka huchukua kama dakika 9 tu. Shughuli iko kwenye kujiunga na kituo, kinachokimbia karibu kilomita 28,000 kwa saa. Mita za mwisho Dragon hujongea polepole kuliko mtu anavyotembea. Pete za kuunganishia za chombo na kituo zikigusana hushikana kwanza kwa wepesi, kisha ndoano 12 hukaza. Hata hapo mlango haufunguliwi: hewa huingizwa kwenye uwazi kati ya milango miwili, kipimo cha mgandamizo kikatazamwa. Kikishuka, kuna mahali panavuja.

Ndani, maji ya mwili hupanda kichwani, uso ukavimba, na wengi hupata kichefuchefu. Bisibisi ukiiachia haianguki, inapotea. Hewa ya moto nayo haipandi, kwa hiyo anayelala pasipo feni hubaki na hewa ukaa aliyoitoa mwenyewe imemzunguka usoni, akaamka kichwa kinamgonga. Ndiyo maana kazi ya nusu saa huku chini inakula saa nzima kule. Wao walibeba majaribio zaidi ya 25 kwa siku 8 za kituoni kati ya zile 10 zilizopangwa, na López-Alegría alikiri baadaye kwamba ratiba ya mwanzo ilibanwa mno. Mimi ningewaachia siku mbili za kujifunza kuelea tu.

Siku zilizoongezeka zilitokana na bahari. Dragon hushuka majini kwa parachuti nne kubwa, na upepo au mawimbi yakizidi, meli haiwezi kuiopoa salama. Wakasubiri hadi tarehe 25. Nao Crew-4, kikosi cha wanaanga kilichofuata, wakangoja chini, maana milango inayopokea Dragon ilikuwa miwili tu na yote ina chombo. Waliruka tarehe 27.

Baba yako