Wastani wa siku unawadanganya waagizaji

Mhariri,

Naomba nafasi kuzungumzia jambo linalowatia hasara waagizaji wengi wa vipuri vya pikipiki, ambao mzigo ukichelewa huilaumu bandari peke yake.

Muulize mwenye duka Kariakoo mzigo kutoka Guangzhou, China, huchukua muda gani, atakwambia miezi miwili. Sasa chukua makaratasi ya oda zake tano za mwisho, uhesabu tangu alipolipa malipo ya awali hadi mzigo ulipoingia ghalani. Tuseme unakuta siku 58, 60, 62, 65 na 95. Wastani ni 68, na wala si mbaya. Ila hiyo 95 ndiyo inayoliumiza duka.

Tuchukue seti za cheni na sproketi zinazotoka 20 kwa siku, na biashara ikichanganya zinafika 30. Anayefuata wastani ataagiza zikibaki 1,360, yaani 20 mara 68. Mauzo yakipanda na mzigo ukachelewa kwa pamoja, seti hizo zitakwisha siku ya 45 na rafu itakaa tupu siku 50. Ili avuke salama alihitaji seti 2,850, yaani 30 mara 95. Tofauti ya 1,490, kwa seti ya Sh20,000, ni karibu Sh30 milioni zilizolala ghalani, na hapo ndipo wengi huikimbia hesabu hii. Siwalaumu. Akiba kubwa kiasi hicho iwekwe kwa vitu vichache tu, vile ambavyo fundi akivikosa haulizi hata plagi, anahamia kwa jirani na orodha yake yote. Taa za mapambo acha ziishe.

Nafuu zaidi ni kuipunguza ile 95 yenyewe. Andika tarehe tano kwa kila oda: kiwanda kumaliza, kontena kupakiwa melini, meli kufika Dar es Salaam, mzigo kutoka bandarini, mzigo kuingia ghalani. Mara nyingi utakuta siku hazikupotelea baharini. Kontena lilishushwa Colombo au Singapore likangoja meli ya pili. Au salio halikulipwa, muuzaji akashikilia hati ya shehena, karatasi ya kuchukulia mzigo, huku siku za kontena kukaa bila kutozwa zikikatika. Au ankara inasema katoni 410 na orodha ya vifungashio inasema 401, forodha ikaagiza kontena lifunguliwe. Hili la mwisho dawa yake ni rahisi: dai rasimu za hati zote kabla meli haijang'oa nanga, umpe wakala azisome mstari kwa mstari. Hati ya shehena ikisahihishwa meli ikiwa imeshaondoka, kampuni ya meli inatoza na siku zinakwenda.

Yapo yasiyo na dawa. Mashambulizi dhidi ya meli Bahari ya Shamu yalipoanza Novemba 2023, mzigo wa Guangzhou haukuwa unapita huko. Lakini meli za Ulaya zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema zilichelewa kurudi Asia, na katikati ya 2024 makontena yakawa adimu, gharama zikapanda. Kugawa oda kwa wauzaji wawili hakukuokoi hapo, hasa kama wote wawili wanachukua bidhaa kiwanda kimoja. Waulize kabla hujagawa.

Linaloshangaza ni watu kunaswa kila mwaka na uchelewaji ulio kwenye kalenda. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Viwanda hufungwa wiki mbili au zaidi, na wafanyakazi hawarudi wote siku moja, hivyo oda ya Januari huenda ikaanza kushughulikiwa Machi. Kama kiwanda chako kinahitaji siku 30, lipa malipo ya awali katikati ya Novemba. Desemba kila mwagizaji anagombea mashine zile zile na nafasi kwenye meli zile zile.

Wakala wa forodha,
Dar es Salaam