Barua ya Wazi kwa Wauguzi Vijana wa Wodi za Watoto Wachanga

Wanangu,

Nimeshastaafu, lakini kosa moja la ujana wangu bado linanisumbua, nami sipendi mlirithi. Nilikuwa nikijaza kiasi cha maziwa na kasi ya kupumua katika chati mbili tofauti, bila kuzisoma pamoja hata siku moja. Mwili wa mtoto haujui chati. Maziwa ni kuni zake, na oksijeni ndiyo inayoziwasha.

Mtoto mchanga aliyetulia hutumia takriban mililita 6 hadi 8 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika, yaani karibu maradufu ya mtu mzima, kwa kuwa ubongo wake peke yake huchukua nusu au zaidi ya nishati ya mwili uliopumzika, na kwa kuwa anajenga mwili mpya kila saa. Katika mwezi wa kwanza, kiasi cha theluthi ya nishati anayoipata huingia katika kukua.

Sasa mwacheni mtoto huyo apate baridi. Hajui kutetemeka kama sisi, hivyo huunguza mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega yake na kuzunguka figo, na joto hilo hulilipia kwa maziwa na oksijeni ambavyo vingemkuza. Nimeshuhudia mama akiambiwa kuwa maziwa yake ni mepesi, ilhali mwanawe alilala na nguo mbichi karibu na dirisha. Maneno yale yalimuumiza bure. Kabla ya kulaumu titi, shikeni miguu ya mtoto, pimeni joto lake, kisha mlazeni kifuani pa mama ngozi kwa ngozi.

Aina ya chakula nayo ina uzito wake. Kwa oksijeni ileile, sukari ikiunguzwa hutoa kaboni dioksidi nyingi kuliko mafuta, na ndiyo sababu njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye mapafu dhaifu anayepewa glukosi kupita kiasi kwa dripu hulazimika kupumua kwa nguvu zaidi ili aitoe. Maziwa ya mama, ambayo karibu nusu ya nishati yake hutokana na mafuta, humpunguzia mzigo huo. Njiti pia huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, kwa sababu sehemu kubwa ya akiba hiyo huwekwa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na bila chuma damu haiwezi kubeba oksijeni ya kutosha. Matone aliyoandikiwa na daktari yasirukwe.

Na mkimwona mtoto anayenyonya kidogo, akaachia titi, akahema haraka huku jasho likimtoka kipajini, msimlazimishe amalize. Hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima, mtazameni midomo, mkamwite daktari saa hiyohiyo, kwani huenda moyo au mapafu yake yameshindwa kumpa oksijeni ya kunyonyea.

Mama yenu, muuguzi mstaafu