Mwanangu, kichwa usikifiche

Mwanangu Idrisa,

Assalamu alaykum. Nimeona niandike kwa sababu kila nikisema unaniitikia "sawa baba" huku macho yako kwenye simu, na Jumamosi utakapoondoka kwenda kwenye timu yako ya hoki ya barafu nitakuwa kwenye usukani wa basi, zamu nimekosa mtu wa kubadilishana naye. Barua utaikuta mfuko wa pembeni wa begi, pamoja na ile kinga ya shingo aliyokununulia mama yako baada ya kifo cha Adam Johnson, yule mchezaji wa hoki aliyekatwa shingo kwa kiatu cha barafu kule Sheffield mwaka 2023. Ivae, hata ikikuwasha. Lakini si shingo inayoninyima usingizi.

Ile video nimeiona. Si wewe uliyenionyesha. Nilionyeshwa na mzee mmoja hapa msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, akidhani ananifurahisha: "Mtazame kijana wako alivyo dume." Nikatazama. Umegeukia ukuta, kisahani cha mchezo kiko miguuni, jamaa anakuja kwa kasi anakubamiza, helmeti inagonga kioo, unaanguka. Unainuka. Unateleza taratibu kwenda kukaa benchi, ila benchi lile si lenu, ni la wapinzani. Mmoja wao anakushika bega anakugeuza kama mtu anayemgeuza mtoto aliyepotea sokoni. Kipindi cha tatu umerudi uwanjani na watu wanashangilia. Na usiku ule ule tulizungumza! Nikakuuliza mchezo ulikuwaje, ukasema mmefungwa mawili kwa moja, ukaniuliza kama mama amelala.

Kuumia sikulaumu, kazi uliyochagua inaumiza. Meno mawili uliyapoteza sikusema kitu, mkono ulipovunjika nilikuosha nywele mimi. Nakulaumu kwa kunyamaza.

Najua utanijibu kwa Willie O'Ree, maana picha yake iko ukutani kwako tangu darasa la pili. Utasema: baba, O'Ree alificha jicho, na lau asingelificha asingekuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya hoki. Ni kweli. Kisahani cha hoki kilimpiga usoni akiwa kijana, jicho la kulia likawa halioni tena, akanyamaza, na tarehe 18 Januari 1958 akavaa jezi ya Boston Bruins pale Montreal. Lakini fikiri kidogo. O'Ree alijua kilichompotea. Alikuwa anacheza winga ya kushoto, basi ikabidi azungushe shingo kupita bega la kulia ndipo auone mchezo, na baadaye wakamhamishia winga ya kulia, mambo yakawa mepesi. Jicho likiharibika, kichwa kina habari, nacho kitatafuta njia. Kichwa kikiharibika, nani atakipa habari? Ukijiuliza "niko sawa?" unayemuuliza ni yule yule mgonjwa, na yeye ndiye anayekujibu. Wewe siku ile ulikuwa na hakika kabisa unaenda kwenye benchi lenu.

Kwa hiyo sikuombi uwe mkweli tu. Naomba usijiamini katika jambo hili moja.

Usidhani sijui kinachowafanya mnyamaze. Mkataba wako nimeusoma, hata zile kurasa ambazo wakala alisema tusijisumbue nazo. Ukiwa timu ya chini, AHL, una mshahara mmoja. Wakikuita juu una mwingine, na unahesabiwa kwa siku. Mshahara wa chini kabisa wa NHL msimu wa 2025/26 ni dola 775,000, yaani siku moja huko juu ni kama dola elfu nne. Mimi naendesha basi la jiji hapa Winnipeg kwenye baridi ya hasi thelathini, elfu nne naijua urefu wake. Sasa kijana ana miaka ishirini, simu imelia, ameitwa kwa wiki moja kuziba pengo la mtu, na asubuhi hiyo taa zinamchoma macho. Atasema? Hasemi. Atameza vidonge viwili apande ndege. Hapo ndipo ninapokuogopea, Idrisa, siyo kwenye ngumi na mabega.

Na vidonge navyo. Derek Boogaard alikuwa kijana wa Saskatchewan, hapa jirani tu, kazi yake kwenye timu ilikuwa kupigana. Minnesota, kisha New York Rangers. Ngumi ya mwisho aliipokea Desemba 2010, akakaa nje msimu wote uliobaki, na Mei 2011 akakutwa amekufa nyumbani kwake Minneapolis, pombe na dawa za maumivu, umri miaka 28. Madaktari wa Boston walipoupasua ubongo wake wakaukuta umeshaharibika kwa ugonjwa ule wanaouona kwa mabondia wazee. Miaka 28! Mimi miaka hiyo nilikuwa bado Kisauni, Mombasa, nauza vipuri, sijamwona hata mama yako.

Wachezaji wa zamani walikwenda mahakamani kwa sababu ya vichwa vyao. Mwaka 2018 ligi ikamalizana nao kwa dola milioni 19 hivi, ziligawanywa kwa watu zaidi ya mia tatu, na ligi haikukiri kosa lolote. Piga hesabu kila mmoja alipata nini, halafu uniambie kama inatosha kumlipa mtu wa kukuosha na kukulisha uzeeni.

Wamejitahidi, sikatai. Siku hizi kuna watu wanaokaa mbele ya skrini kazi yao ni kumtafuta aliyepepesuka, wakimwona wanaamuru atolewe, apelekwe chumba kimya apimwe. Vizuri. Lakini nasikia mna ujanja wenu. Mwanzoni mwa msimu mnapimwa kumbukumbu na wepesi wa akili, ili ukigongwa walinganishe. Na kuna wanaofanya vibaya makusudi siku hiyo ya kwanza, ili wakija kuumia alama zionekane zile zile. Sikuulizi kama umewahi. Nakwambia wiki ijayo unapimwa tena, na mtihani huo ufanye kama unavyofanywa na mtu aliyelelewa na mwalimu wa hesabu. Mama yako hajui habari hii na mimi sitamwambia.

Daktari wa timu simsemi vibaya, ila mshahara wake unatoka mfuko ule ule unaomlipa kocha, na kocha anataka kushinda Ijumaa. Kocha wako wa vijana, ambaye simtaji hapa, alikuona ukielekea benchi la watu. Alikuona. Nilirudia video nikamtazama yeye: anakuangalia, halafu anaangalia saa ya uwanja. Nilitaka kumpigia simu, mama yako akanizuia, akasema nitakuharibia. Bado sijui kama alikuwa na haki.

Najua pia utakachosema moyoni: nani aliyenifundisha kukaza meno? Ulikuwa na miaka saba, kiatu kilikuwa kinakubana, na jukwaa zima palikuwa na familia mbili tu za rangi yetu. Sikutaka wakuone unalia. Basi, hayo yamepita.

Mama yako amesimama nyuma yangu, anasoma begani, anasema nikueleze na habari za mgongo wangu na yale maji niliyotolewa kwenye goti bila kumwambia mtu. Goti si ubongo. Tuendelee.

Nisikuache ukadhani sifurahi. Nafurahi mpaka naona haya. Vijana 224 wanachaguliwa na timu za NHL kila mwaka dunia nzima, na siku jina letu lilipotamkwa, raundi ya sita, abiria wa basi langu walipata safari ya bure vituo vitatu kwa sababu nilisahau kuwadai nauli. Unajua jezi ya kwanza ukutani kwetu ilikuwa ya Johnny Oduya. Wakenya wa hapa, msimu ule wa 2011 timu ya NHL iliporudi Winnipeg, tulikuwa tunapigiana simu kulisikia jina la Kijaluo likitangazwa kwenye barafu. Mama Mswidi, baba Mkenya. Basi mkumbuke vizuri: alichaguliwa mwaka 2001, nafasi ya 221, raundi ya saba. NHL aliingia 2006 akiwa na miaka 25, na Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, akalibeba na Chicago mwaka 2013 na tena 2015. Katikati ya kuchaguliwa na kuingia ni miaka mitano alikuwa kwao Sweden anacheza tu. Karibu wachezaji tisa kati ya kila kumi wa NHL wamepitia huko AHL unakokwenda. Wewe mwezi mmoja wa kukaa nje, kwenye chumba chenye pazia, unauona kama jeneza la kazi yako. Mwezi mmoja! Michezo 72 ya msimu ukikosa kumi na tano zinabaki 57.

Hiyo ndiyo hesabu niliyotaka uiweke kichwani, kikiwa kizima.

Mengine. Ramadhani siku hizi inaangukia Februari na Machi, katikati ya msimu, na ninyi kila siku mko kwenye basi. Msafiri ana ruhusa yake, muulize sheikh wa mji huo, usijiamulie wala usiwaulize watu wa mtandaoni. Nazem Kadri wa NHL ni Mwislamu na alilipeleka Kombe la Stanley mpaka msikitini kwao Ontario mwaka 2022, kwa hiyo usiniambie haya mambo hayachanganyiki. Pombe ya chumba cha kuvalia unaujua msimamo wangu.

Glavu zako za zamani nimezitoa nje, zilikuwa zinanuka hadi jikoni. Kama unazitaka sema kabla sijazitupa. Gari lako nitalibadilisha matairi ya baridi mwezi wa kumi, halafu Rukia ataanza kulitumia, ana mtihani wa udereva na ameshafeli mmoja, usimcheke. Bili ya simu yako bado inakuja kwangu. Ukipata mshahara wa kwanza uihamishe, mimi si benki.

Bibi yako Kisauni tangi la maji limepasuka. Usimtumie pesa mwenyewe, maana atazigawa kwa majirani. Nitumie mimi, fundi nimeshazungumza naye. Bado anawaambia watu mjukuu wake anafanya kazi ndani ya friji. Nimechoka kumsahihisha. Mpigie Ijumaa, kwao iwe jioni, na uzungumze naye Kiswahili hata kama unakosea.

Sasa nisikilize. Huyo kijana wa Finland mtakayekaa naye nyumba moja nataka namba yake. Simtafuti kumchunga mtoto mkubwa, sitampigia kukuuliza umekula nini. Ila mkae chini, mwambie hivi: ukiniona nimesahau nilichotoka kusema, ukiniona nazima taa mchana, ukiniona natapika asubuhi na sijala kibaya, mwambie daktari hata nikikukasirikia, na mpigie baba yangu. Na wewe umfanyie vivyo hivyo, naye ana wazazi. Ukikataa nitaipata kwa wakala, nimeshamtumia ujumbe.

Funguo za nyumba usizisahau. Mama yako anasema zile samosa alizofunga kwenye foili ni za njiani, zisikae kwenye begi mpaka Jumatatu kama mara ile.

Wasalaam,
Baba yako