Kibarua kisicho na barua: kwa Waziri mwenye dhamana ya Kazi

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Kama nimekuzidi umri basi nirudishie, hakuna neno.

Mimi ni mtunza stoo Kariakoo, mwaka wa 11 huu kwa tajiri yuleyule. Stoo yetu ni ya vyakula: mchele, sukari, ngano, tambi, mafuta ya kula ya madumu na ya ndoo. Ukutani juu ya meza yangu kuna maandishi ambayo bila shaka umeyaona kwenye maduka mengi: Mali bila daftari hutoweka bila habari. Tajiri anayaamini maneno hayo kuliko anavyoniamini mimi. Katoni ikiingia naandika, ikitoka naandika, dumu likivuja naandika na picha napiga. Jioni tunajumlisha. Ikipungua roba moja ya sukari, nakatwa mimi.

Humo ndani tuko watu 9, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa popote.

Mwaka jana tulikuwa tunashusha kontena la futi 40 usiku, maana mchana magari makubwa hayapati pa kusimama mtaani kwetu. Mwenzetu mmoja alikuwa juu ya ubao na roba la mchele begani. Ubao ulikuwa umelowa mafuta. Akateleza, roba likamtangulia, na kifundo cha mguu kikageuka upande usio wake. Tajiri alitoa nauli ya bajaji na shilingi 20,000. Asubuhi nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Mimi niliandika daftarini: mchele roba 1, limepasuka, kilo 6 zimemwagika. Hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya ajali ile. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unafanya kazi tangu 2015 kwa ajili ya watu kama yeye, lakini angefika pale akaseme nini? Angeonyesha karatasi gani kwamba aliwahi kuajiriwa?

Mheshimiwa, neno kibarua limetokana na barua. Zamani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, na jioni kwa kikaratasi hicho alidai ujira wake. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwapo. Sisi tumebaki na jina tu, kikaratasi chenyewe hakipo.

Naomba nikurudishe nyuma, maana haya yana historia, na historia yenyewe imepita hapahapa. Kariakoo ni jina la wabeba mizigo. Waingereza walipouchukua mji katika Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wao waliwekwa huku, kikosi kikiitwa Carrier Corps, ulimi wetu ukamalizia kazi. Ile sanamu ya Askari pale mjini, iliyowekwa 1927, inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Nimepita mbele yake mara nyingi na mkokoteni.

Watu wa bandarini walikuwa wa kutwa kama sisi. Waligoma 1939, wakagoma tena 1943, kila mara wakirudishwa kazini bila chama cha kuwasemea. Septemba 1947 ikawa kubwa: mgomo ulianza gatini, ukaingia mjini, kisha ukapanda na reli ya kati hadi bara. Baada ya hapo ndipo makuli wa Dar es Salaam walipopata chama chao kilichosajiliwa, na katibu wake alikuwa kijana Abdulwahid Sykes. Wengi wanamjua kama mmoja wa watu wa mwanzo wa TANU. Wachache wanakumbuka kwamba baadaye alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Yaani mtu aliyeandika majina ya makuli ndiye aliyekuja kusimamia soko letu.

Chama kile hakikudumu. Mgomo wa 1950 uliishia kwenye ghasia, watu wakafungwa, chama kikafutwa. Lakini mbegu ilishaanguka. Makarani na watu wa madukani nao wakajikusanya, na 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Sheria ya 1962 ikafanya kugoma kihalali kuwa karibu jambo lisilowezekana. Yakaja maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ikavunjwa, ikazaliwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kwa nchi nzima. Katibu wake mkuu, Michael Kamaliza, wakati huohuo alikuwa Waziri wa Kazi. Sijui mfanyakazi alipokuwa na malalamiko kwa chama alipeleka kwa nani! Mwaka 1978 ikawa JUWATA, 1991 OTTU, na 1995 sisi wa viwanda na biashara tukapata TUICO.

Kwa hiyo chama kipo, na sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi siku anapoanza: cheo, mahali, saa, malipo. Inasema pia haki zetu zibandikwe mahali panapoonekana. Kwetu kimebandikwa kile nilichokutajia, pamoja na kalenda ya mwaka juzi.

Niliwahi kumwendea kiongozi mmoja wa chama, mtu mwema kabisa, akanipa chai na kunieleza utaratibu. Chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mahali, mwajiri analazimika kukitambua na kukaa nacho mezani. Nikamuuliza: zaidi ya nusu ya nani? Tajiri akiulizwa atasema ana mfanyakazi mmoja, mtoto wa dada yake anayekaa kaunta. Wengine ni watu wanaopita tu. Mimi nimepita kwa miaka 11.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka. Siku ya tatu Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, akaja mwenyewe Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Walikuwa na hoja zao za kodi, nyingine za kweli, mimi nazishuhudia. Mojawapo ilikuwa usajili wa stoo. Niliposikia hiyo nilikuwa nimesimama pembeni ya umati na wenzangu watatu, siku zote hizo tukiwa hatujaingiza hata senti, maana duka likifungwa sisi hatulipwi. Mwenzangu mmoja akanong'ona, "Stoo inasajiliwa, kumbe!" Tukacheka, lakini nimekaa nalo tangu siku ile. Serikali ilishafika kwenye milango yetu na kalamu mkononi, ikitaka kujua ndani kuna nini. Haikuuliza kuna nani.

Ninachokuomba si sheria mpya. Naomba kila stoo ya Kariakoo iwe na daftari la pili kando ya lile la mali: jina la mtu, kazi anayofanya, siku aliyoanza, anacholipwa, na sahihi yake au dole gumba. Nakala moja apewe mwenyewe. Maofisa wako wa kazi wanayo mamlaka ya kuingia na kukagua, basi wakague hilo. Chama kikishapata majina kitajua pa kuanzia, hatuhitaji kusukumwa zaidi ya hapo.

Ila wasije saa nne asubuhi. Saa hizo wataonyeshwa kaunta na yule mpwa, watapewa soda, wataondoka. Waje upande wa Gerezani saa tisa usiku kontena linapofunguliwa. Watatuona wote, tumepanga mstari, mmoja mmoja, na mimi mlangoni na tochi ya simu nikihesabu maroba.

Wako,
Mtunza stoo, Kariakoo