Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya

YAH: USAFIRI WA KWENDA ZIWA NGOZI NA KURUDI SIKU HIYO HIYO

Mheshimiwa, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani wa Mwanjelwa. Sare za shule za watu ziko mezani zinanisubiri, kwa hiyo sitakuchosha.

Pasaka iliyopita nilikwenda Dar es Salaam kwa dada yangu. Siku moja tulipanda gari la Bagamoyo, kama kilomita 70, tukazunguka Kaole kwenye magofu ya mji uliokuwepo tangu karne ya 13, tukala pweza, jioni tuko nyumbani. Siku nyingine tukaenda Kunduchi, tukavuka hadi kisiwa cha Mbudya. Nauli ya boti tuliijua kabla hatujatia mguu majini, watoto wakavalishwa maboya, na nahodha akatuambia saa ya kutufuata. Bahari ni nzuri, sikatai. Lakini kilichonikaa moyoni ni kwamba mtu wa kipato changu alitoka asubuhi akijua atarudi saa ngapi na mfukoni atabakiwa na nini.

Nami nikajitapa. Nikamwambia dada, lete watoto Mbeya mwezi wa sita muone ziwa lililo juu ya mlima.

Wakaja na ile baridi ya Juni unayoijua. Ngozi iko barabara ya Tukuyu, haifiki kilomita 40 kutoka mjini. Ni karibu kuliko Dar na Bagamoyo. Tulipanda Hiace pale stendi ya Nane Nane saa mbili asubuhi, ikajaza abiria mpaka saa nne. Tuliposhuka kwenye njia panda niliongea Kinyakyusa na kijana wa bodaboda, akanitajia bei ya kawaida. Kisha mtoto wa dada akafungua mdomo kwa Kiswahili chake cha Kariakoo. Bei ikapanda palepale, mbele ya macho yangu! Kufika chini ya mlima, mmoja akasema ndiye wa kutuongoza, mwingine akasema huyo hahusiki. Tukawalipa wote wawili ili tusilale pale.

Njia yenyewe ni tope na mizizi ya miti, unapanda ukishika mianzi. Ukifika ukingoni, ardhi inaishia ghafla. Ziwa liko chini kabisa, kijani, limezungukwa na kuta za msitu, na ukungu unalifunika na kulifunua unavyotaka wenyewe. Mtoto wa mwisho, aliyelia njia nzima, alinyamaza. Hata dada, ambaye hanyamazi, alinyamaza.

Kurudi ndiyo ikawa shughuli. Saa kumi na mbili jioni tuko barabarani, kila Hiace inapita imejaa. Tumefika Uyole saa tatu usiku juu ya lori la viazi. Kila mwaka tunahimizwa tupende utalii wa ndani. Mimi nimeupenda, Mheshimiwa, na nimerudi nao juu ya magunia.

Ninachoomba ni Coaster moja, Jumamosi tu. Tiketi ziuzwe Ijumaa, ili lisingoje kujaa. Litoke Nane Nane saa moja asubuhi, liwasubiri abiria njia panda mpaka saa kumi. Nauli LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, waipitishe, ibandikwe mlangoni. Serikali ya kijiji ikae na vijana wa bodaboda na waongoza njia, bei wanazokubaliana ziandikwe kwa rangi kwenye ubao. Vijana wale si wabaya. Wakijua kila Jumamosi wanakuja watu 30, hawatakuwa na haja ya kumkamua mmoja.

Ikifaulu, gari hilohilo Jumamosi nyingine lisogee hadi Kiwira, kwenye Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya mto, na Kijungu, mto unapopita kwenye mwamba kama chungu. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni mbali kwa mwenye watoto, iache kwanza. Kimondo cha Mbozi nacho tangu 2016 ni cha wenzetu wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya, huko sina mamlaka hata ya kuomba.

Dada anasema Desemba watakuja tena. Ila ameuliza, kabla hajakata tiketi, kama tutapanda lile lori.

Wako,
Fundi cherehani, Mwanjelwa