Chunya watu wapo, ila hawakai mahali pamoja

Ndugu Mhariri,

Mimi nauza vitenge. Mzigo nauchukulia Mwanjelwa, kisha nafuata magulio ya Wilaya ya Chunya: mjini kwenyewe, Makongolosi, na barabara ikiruhusu nafika hadi Lupatingatinga. Hapa Mbeya kila nikitaja safari hiyo naambiwa, "Mama, kule si pori tu, unamuuzia nani?"

Sensa ya 2012, kwa mipaka iliyobaki baada ya Wilaya ya Songwe kumegwa, ilikuta Chunya ina watu kama 157,000. Ile ya 2022 imekuta zaidi ya 344,000. Hao wanawazidi watu wa Wilaya ya Kyela, tena Chunya ni kubwa karibu mara kumi ya Kyela: kilomita za mraba kama 13,000, zaidi ya theluthi ya mkoa wetu. Ukigawanya unapata watu 26 kwa kila kilomita ya mraba. Hesabu haina kosa, lakini hao watu 26 mimi sijawahi kuwakuta mahali.

Ninachokikuta ni hiki. Ukishavuka milima na baridi yake, unateremkia kwenye joto na miombo. Miti, miti, miti. Halafu ghafla maturubai, karasha za kusaga mawe ya dhahabu zinanguruma, chipsi zinakaangwa, bodaboda zimepanga foleni, na akina mama wenye watoto mgongoni wananiuliza bei. Rashi, yaani mbio za dhahabu, imetokea! Dhahabu ya Lupa imekuwa ikivuta watu tangu miaka ya 1920, na mpaka leo ndivyo wanavyokuja, kwa mafuriko. Duara, yaani shimo la dhahabu, likikauka wanahama. Nami nimeshakopesha doti kadhaa, nikirudi kambi imeondoka na deni langu. Kaskazini zaidi, kuelekea Rungwa, ni tumbaku, ng'ombe na mizinga ya nyuki, na pori la hifadhi ambalo haruhusiwi mtu kujenga.

Jambo lingine: sensa ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Agosti ni kiangazi, ndipo kambi zinapojaa. Mvua zikishika, maduara yanaingia maji na baadhi ya vijana wanarudi kwao Mbozi na Ileje kulima. Biashara yangu inajua hivyo. Januari narudi na mzigo nusu.

Kwa hiyo wanaopanga huduma wasishike jumla ya wilaya wakadhani wameijua Chunya. Takwimu za kata zipo, wazitumie, na kwenye kambi wapeleke kliniki ya mama na mtoto inayotembea, hasa miezi ya kiangazi. Zahanati ya kijiji ni jambo jema, ila kijiji cha huku eneo lake ni kubwa mno, na mama mjamzito aliyeko kambini atapakiwa kwenye bodaboda usiku ndipo aione. Nauli ya safari ile naijua, na si ya mtu anayekopa kitenge.

Na wewe Mhariri, mwandishi wako akienda tena asiishie Chunya mjini kula kuku na kurudi jioni. Apande gari hadi Mafyeko au Kambikatoto, alale huko, asubuhi aende gulioni huko huko akawahesabu watu mwenyewe.

Muuza vitenge,
Mwanjelwa, Mbeya